Namba ya Damu na Saa ya Kidonge

Hotuba kwa wagonjwa, walezi, wauguzi na wafamasia wa Nairobi

Ndugu wauguzi na waganga, wafamasia wenzangu, akina mama na akina baba mnaowauguza watu wenu nyumbani, na nyinyi wenyewe mnaomeza dawa hizi za akili kila siku: hamjambo nyote.

Karatasi ya maabara ikikuonyesha kwamba lithiamu yako, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ni 0.9, usifurahi wala usishtuke kwanza. Uliza mambo mawili. Kidonge cha mwisho kilimezwa saa ngapi? Damu ilitolewa saa ngapi? Asiyejua saa hizo mbili anabahatisha tu, hata awe na shahada ukuta mzima. Anaweza kupunguza dawa iliyokuwa inamtosha mgonjwa sawasawa, na wiki chache baadaye usingizi umemkimbia, maneno yamekuwa mengi, familia imerudi tena kule hospitali ya akili ya Mathari usiku wa manane. Anaweza pia kuongeza dawa ambayo tayari imezidi. Makosa haya mawili yanaepukika kwa kalamu na saa ya simu, na ndiyo maana nimeona tuyazungumze kwa kirefu.

Tuanze na jinsi dawa inavyokaa mwilini. Fikiria tangi la maji juu ya paa la ploti. Maji yanaingia kwa juu, wapangaji wanafungua mifereji huku chini, na kiasi kilichomo hutegemea kasi ya kuingia na kasi ya kutoka. Mwilini, kuingia ni utumbo kufyonza dawa; kutoka ni ini kuivunja au figo kuitoa kwenye mkojo. Kidonge cha kawaida humwaga dawa kwa mkupuo. Kidonge kinachoachia polepole hupunguza kasi ya kuingia, basi. Kutoka hakubadiliki. Wengi hudhani figo au ini huitunza dawa hiyo kwa muda mrefu zaidi, lakini figo hazijui lithiamu imetoka kwenye kidonge cha aina gani. Zinaitoa kwa mwendo wao ule ule.

Kila dawa ina muda wake wa nusu, yaani saa ambazo mwili unahitaji ili kuondoa nusu ya kilichomo kwenye damu. Lithiamu kwa mtu mzima mwenye figo nzuri ni saa 18 hadi 36, na kwa wazee huzidi hapo. Valproeti, dawa ya kifafa inayotuliza pia hisia, ni saa 9 hadi 16. Kwetiapini, ya kutuliza wanaoona au kusikia yasiyokuwepo, ni kama saa 7. Venlafaksini, ya huzuni kali, ni saa 5, ingawa ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo, yenye muda wa nusu wa saa 11 hivi. Ukianza dawa au ukibadilisha dozi, kiwango hutulia baada ya muda wa nusu kupita mara tano. Ukipita mara moja umefika asilimia 50 ya kiwango utakachotulia nacho. Mara mbili, 75. Mara tatu, 87.5; mara nne, karibu 94; mara tano, karibu 97. Kwa hiyo lithiamu hupimwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Aliyeongezewa dozi Jumatatu akapimwa Jumatano amepima dawa iliyo njiani bado. Namba itakuwa ndogo, ataongezewa tena, na wiki inayofuata mikono itatetemeka.

Sasa niikalie lithiamu, kwa kuwa ndiyo inayosamehe kidogo kuliko zote.

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alichapisha taarifa kwamba chumvi za lithiamu zinatuliza wazimu wa furaha iliyopita kiasi. Katika miaka ile ya mwanzo watu waliitumia bila kupima damu, na baadhi walikufa kwa sumu yake. Dawa ilikuja kuaminika pale upimaji wa damu ulipokuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo kupima si nyongeza ya kumsumbua mgonjwa na nauli. Bila kipimo, lithiamu haipaswi kutolewa kabisa.

Viwango vinavyotumika ni hivi. Kwa mtu aliyetulia, 0.6 hadi 0.8 milimoli kwa lita. Kwa aliye katikati ya kupandwa na ugonjwa, au aliyewahi kurudiwa akiwa kwenye dawa, 0.8 hadi 1.0. Mzee mara nyingi hutoshwa na chini ya 0.6. Kuanzia 1.5 ni sumu, na juu ya 2.0 maisha yako hatarini. Angalieni jinsi nafasi kati ya dawa na sumu ilivyo nyembamba. Viwango vyote hivyo vimewekwa kwa damu iliyotolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Ukiitoa saa nyingine, namba yako hailingani na jedwali.

Kwa nini 12? Kidonge cha kawaida cha lithiamu hufika kileleni kwenye damu baada ya saa 1 hadi 3. Kile kinachoachia polepole huchukua saa 4 hadi 6 hivi. Baada ya kilele, dawa bado inasambaa kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo na misuli. Ikifika saa ya 12, msukosuko huo umekwisha kwa vidonge vya aina zote mbili, na namba inakuwa na maana ile ile kwa kila mtu. Kati ya saa 10 na 14 inavumilika, mradi muda wenyewe umeandikwa.

Tuchukue mtu anayekaa Githurai. Anameza lithiamu saa tatu usiku. Damu yake inatakiwa saa tatu asubuhi. Akiogopa msongamano wa Thika Road akatoka saa kumi na moja alfajiri, anafika mapema na anatolewa damu saa moja asubuhi: hizo ni saa 10, namba itakuwa juu kidogo. Foleni ikimweka hadi saa sita mchana, ni saa 15. Kwa mtu ambaye lithiamu yake hupungua nusu kila saa 24, kuchelewa saa 3 hushusha namba kwa takriban asilimia 8, 0.60 inasomeka 0.55. Hilo linaweza kusahihishwa kichwani, kama muda umeandikwa. Kosa kubwa kweli liko kwingine. Ni mtu anayemeza mara mbili kwa siku, akanywa chai ya asubuhi na kidonge chake kama kawaida, kisha akaenda kupimwa. Hapo namba inapima kidonge cha saa mbili au tatu zilizopita, na inaweza kuonekana kama sumu kwa mtu mzima wa afya. Siku ya kupima, chai unaweza kunywa. Kidonge cha asubuhi kitie mfukoni, ukimeze baada ya damu kutoka. Nawaomba wauguzi mliandike hili kwenye kadi ya kliniki kwa maneno makubwa, maana likisemwa kwa mdomo mlangoni husahaulika.

Na wakati wa kuandika, tumieni saa 24: 21:00, 09:00. Daktari akiandika "8 pm" na mgonjwa akaambiwa nyumbani "ni saa nane", dawa imesogea saa sita. Hutokea, hasa mtoto wa shule anapomsomea bibi yake bahasha ya dawa.

Jambo jingine la saa: mtu akihamishwa kutoka kumeza mara mbili kwa siku kwenda kumeza dozi yote usiku, namba ya saa 12 hupanda asilimia 10 hadi 25 hata kama miligramu za siku hazikubadilika. Si kwamba dawa imezidi mwilini. Ni kwamba dozi nzima imekaa upande mmoja wa siku. Mjue hivyo kabla ya kupunguza.

Kwa wahudumu wa maabara: chupa. Ile yenye kifuniko cha kijani mara nyingi ina heparini ya lithiamu ya kuzuia damu kuganda. Ukiweka humo damu ya kupima lithiamu, unaipima lithiamu ya chupa pamoja na ya mgonjwa, na namba inaruka bila sababu. Tumieni chupa kavu yenye kifuniko chekundu. Namba ikija juu na mgonjwa anatembea vizuri, hatetemeki wala hatapiki, ulizeni chupa kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Aina za lithiamu hazifanani. Viwanda tofauti hutengeneza vidonge vinavyoachia kwa kasi tofauti, na miligramu sawa kwenye boksi mbili haziahidi kiwango sawa kwenye damu. Kemisti akikosa aina yako akakupa nyingine, chukua kama hakuna njia, maana kukatisha ghafla ni hatari zaidi, lakini mjulishe daktari na upimwe tena baada ya siku 5 hadi 7. Hifadhi kipande cha boksi lenye jina. Bahasha ya khaki iliyoandikwa "1×2" haitamwambia mtu yeyote ulikuwa ukimeza nini.

Kuna vitu vinavyobana figo zisiitoe lithiamu. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, zile Brufen zinazouzwa kila kona, zinaweza kuipandisha kwa siku chache tu. Kwa kichwa na mgongo tumia parasetamoli. Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartani, na zile za kukojoza kama haidroklorothayazaidi, nazo huipandisha. Hizi hazikatazwi daima, lakini anayezianza lazima apimwe lithiamu wiki hiyo hiyo, na mara nyingi dozi hupunguzwa. Halafu kuna maji na chumvi. Kuharisha, kutapika, homa ya jasho, au kuacha chumvi ghafla kwa sababu ya presha: figo zikiona sodiamu imepungua hushikilia kila kinachofanana nayo, na lithiamu inafanana nayo. Ukiharisha au kutapika, usimeze dozi inayofuata kabla ya kuongea na kliniki, kunywa maji ya chumvichumvi na sukari, na ukapimwe siku hiyo. Usingoje tarehe yako. Dalili za sumu ni kutetemeka kwa nguvu kiasi cha kumwaga chai, kuyumba kama mlevi, ulimi mzito, kutapika, kuchanganyikiwa. Mtu wa hivyo anapelekwa hospitali na vidonge vyake mkononi.

Waganga wa zamu, hili ni lenu. Mtu aliyemeza vidonge vingi vya lithiamu inayoachia polepole anaweza kuja na namba nzuri. Vidonge bado viko utumboni vikiachia, wakati mwingine vimegandana kuwa donge. Namba ya kwanza haitoshi kumruhusu arudi nyumbani. Pimeni tena kila baada ya saa 6 mpaka muione inashuka mfululizo. Mkaa wa hospitali, ule wa kunasa sumu tumboni, haushiki lithiamu. Kinachosaidia ni maji ya mshipani, kusafisha utumbo, na kwa hali mbaya, mashine ya kusafisha damu.

Baada ya dozi kutulia, lithiamu hupimwa kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6 kwa aliye imara. Figo, tezi ya shingo na kalsiamu hupimwa kila miezi 6.

Nije kwenye valproeti. Hapa kosa ni kudhani kila kidonge chenye ganda gumu kinaachia polepole. Kipo kidonge chenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo: hicho hakiachii polepole, kinachelewa kuanza tu. Kikishapita tumboni hufunguka chote. Kilicho na neno "Chrono" au herufi CR ndicho kinachotoa kidogo kidogo. Valproeti hupimwa kabla tu ya dozi ya asubuhi, na kiwango kinacholengwa ni miligramu 50 hadi 100 kwa lita, wakati mwingine hadi 125 kwa aliyepandwa. Kwa kile cha ganda la asidi kuna mtego: kikimezwa baada ya chakula kizito, kinaweza kuchelewa kufika kileleni hadi saa 8. Kwa hiyo damu huendelea kushuka hata saa kadhaa baada ya kumeza, na namba ya asubuhi huenda isiwe ya chini kabisa kama unavyodhani. Njia ya kuushinda mtego huo ni kumeza kwa mtindo mmoja kila siku, chakula kile kile na saa ile ile, ndipo namba za miezi tofauti zilinganishwe.

Siwezi kuitaja valproeti bila kusema hili wazi: kati ya watoto 100 ambao mama zao waliimeza wakiwa wajawazito, kama 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 huchelewa katika ukuaji wa akili na usemi. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba hapaswi kupewa ikiwa njia nyingine ipo. Aliye nayo tayari asiiache ghafla peke yake. Aende kliniki wiki hii.

Karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa na hisia ambayo wengi mnaiita Tegretol, ina tabia inayowakanganya hata waliosoma. Inalifundisha ini kuivunja yenyewe. Mwanzoni muda wake wa nusu ni kama saa 36. Ini likishazoea, kati ya wiki ya tatu na ya tano, huwa saa 12 hadi 17. Kwa hiyo ukipima wiki ya pili unapata namba nzuri, mgonjwa anaendelea kumeza vidonge vile vile bila kukosa, na wiki ya sita namba imeshuka. Hapo ndipo lawama huanza: mama anaambiwa mwanawe anatema dawa, au kemisti anashukiwa kuuza bandia. Pimeni mara ya pili baada ya wiki 4 hadi 5 kabla ya kumlaumu mtu. Kiwango ni miligramu 4 hadi 12 kwa lita, damu ikitolewa kabla ya dozi. Ile ya CR inaweza kukatwa nusu kwenye mstari wake daktari akiagiza hivyo, lakini haisagwi wala haitafunwi. Na iwekwe pakavu. Karbamazepini iliyoingiwa na unyevu inaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Msimu wa mvua za Aprili, rafu ya bafuni si mahali pake, na bahasha ya karatasi si chombo chake.

Ini lililofundishwa na karbamazepini huvunja na dawa nyingine. Vidonge vya kupanga uzazi na kipandikizi cha mkononi hudhoofika. Haloperidoli, iliyo na kazi kama ya kwetiapini, na kwetiapini yenyewe hushuka. Dolutegraviri ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi hushuka pia, kiasi kwamba hulazimu kupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo, kwa nguvu zaidi, na athari yake hudumu kama wiki mbili baada ya kuiacha. Katika mji huu ambapo mtu mmoja anaweza kuwa na kadi ya TB kituo kimoja na kadi ya akili kituo kingine, kadi hizo mbili lazima zikutane mezani pamoja. Anayemaliza rifampisini akiwa kwenye dozi iliyoongezwa ya haloperidoli ataanza kukakamaa wiki chache baadaye dozi isipopunguzwa.

Kwetiapini ya XR, yaani inayoachia polepole, hufika kileleni baada ya saa 6, ile ya kawaida saa moja na nusu. Kwa hiyo XR humezwa saa 3 hadi 4 kabla ya kulala, bila chakula au kwa kitu chepesi. Ukiimeza juu ya sahani ya chipsi na kuku wa mafuta, kilele hupanda kwa karibu nusu. Ikisagwa kwenye uji kwa kuwa mgonjwa anakataa vidonge, miligramu 300 zilizopangwa kutoka usiku kucha humwagika kwa pamoja: presha inaanguka akisimama, anagonga kichwa choo cha nje, na jioni ya kesho hana kitu mwilini. Mgonjwa asiyeweza kumeza apewe dawa ya maji au kidonge cha kawaida, kwa hesabu ya daktari. Tena huyo anayekataa, zungumzeni naye. Anayegundua dawa imefichwa kwenye uji ataacha uji pia.

Venlafaksini ya XR ni chembe ndogo ndani ya kapsuli. Unaweza kuifungua na kuzimimina kwenye kijiko cha chakula laini, ukameza bila kutafuna. Kwa muda wake mfupi wa nusu, kuruka siku moja kunatosha kuleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Mtu asidhani ugonjwa umerudi. Na kwa dawa kama Concerta, ile ya wasioweza kutulia na kumakinika, ganda tupu huonekana chooni. Dawa ilishatoka, msirudie dozi.

Sasa sindano, ile ya dawa ya akili inayokaa kwenye misuli kwa wiki kadhaa, ambayo nadhani ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Watu husema "sindano ya mwezi" kana kwamba ni moja. Flufenazini dekanoeti, yaani Modecate, iko kwenye mafuta ya ufuta, miligramu 25 kwa mililita. Kilele chake huja ndani ya siku ya kwanza, kisha hushuka na kuendelea kuachia kwa wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo shingo kupinda, taya kukaza na macho kugeuka juu huja siku za mwanzo, na ndiyo sababu dozi ya kwanza ni ya majaribio, miligramu 12.5. Taya ikikaza, kimbieni kituo cha karibu. Kuna sindano ya kulegeza inayofanya kazi haraka. Haloperidoli dekanoeti ni tofauti: kilele ni kama siku ya 6 au 7, muda wa nusu ni wiki 3 hivi. Hesabuni mara tano. Ni miezi zaidi ya mitatu kabla haijatulia, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo mgonjwa huhitaji vidonge pembeni, na aliyeonekana sawa mwezi wa kwanza anaweza kukakamaa mwezi wa nne kwa dozi ile ile. Dozi huanzia mara 10 hadi 15 ya miligramu anazomeza kwa siku, na sindano ya kwanza isizidi miligramu 100. Zuklopenthiksoli ipo ya aina mbili zenye jina karibu sawa: dekanoeti hukaa wiki 2 hadi 4, asetati hukaa siku 2 au 3 tu na ni ya dharura wodini. Someni neno la pili kwenye chupa kila mara.

Sindano yenyewe ina ufundi. Bomba na sindano viwe vikavu. Unyevu huifanya flufenazini kuwa na ukungu. Tumieni namba 21, ile ya kijani, yenye urefu wa milimita 38, na ndefu zaidi kwa mtu mwenye makalio mazito. Sindano fupi huishia kwenye mafuta, na hapo dawa hufyonzwa ovyo. Vuteni ngozi pembeni sentimita 2 hadi 3, ingizeni, sukumeni taratibu, kama sekunde 10 kwa kila mililita, ngojeni sekunde 10, toeni sindano, ndipo muachie ngozi. Njia inajifunga, mafuta hayarudi juu. Msisugue. Badilisheni upande kila mara na mwandike upande gani.

Nini hutokea sindano ikiachwa? Mara nyingi, kwa wiki kadhaa, hakuna. Mafuta yaliyobaki kwenye misuli yanaendelea kuachia. Familia inasema, "Aliacha miezi miwili na yuko sawa, kumbe hakuhitaji." Dawa ilikuwa bado inashuka. Ugonjwa huja mwezi wa tatu, wa nne, wa sita, na kwa wakati huo hakuna anayeuhusisha na tarehe iliyorukwa. Aliyechelewa asipigwe mbili kwa mkupuo. Kwa wachache wanaotumia paliperidoni ya mwezi, kanuni iko wazi: ndani ya wiki 6 tangu ya mwisho, apewe dozi yake mara moja, kati ya wiki 6 na miezi 6, sindano mbili zikipishana wiki moja, zaidi ya miezi 6, aanze upya. Na sindano ya risperidoni ya chembechembe, ile inayokaa kwenye friji, haianzi kuachia kwa kweli mpaka wiki ya tatu, kwa hiyo vidonge viendelee wiki hizo zote.

Ndugu zetu wa Eastleigh, South C na kwingineko wanaofunga Ramadhani: wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, njooni tupange saa. Lithiamu ya mara moja kwa siku humezwa baada ya futari, maji lita 2 au zaidi kati ya futari na daku, na damu ipimwe katikati ya mwezi, saa 12 baada ya kidonge. Valproeti ya mara mbili huwekwa futari na daku. Anayeharisha au kutapika afungue. Mlinzi wa usiku naye: kidonge cha "kulala" ni kabla ya usingizi wako wewe, hata ukilala saa mbili asubuhi. Saa 12 zako zitaangukia jioni, kwa hiyo tafuta maabara ya hospitali inayofanya kazi usiku, au mkubaliane na daktari mapema jinsi ya kusogeza dozi.

Umesahau kidonge? Ikiwa zimepita saa chache, meza. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, iache hiyo na uendelee. Usirudishie mbili, hasa lithiamu.

Desemba inakuja, na nusu ya mji huu itakuwa kwenye mabasi. Sindano inayoangukia tarehe 27 iombewe kliniki kabla ya safari. Siku chache mapema hazidhuru kama wiki tatu za kuchelewa. Bebeni kadi yenye jina la dawa, miligramu, tarehe, na upande uliodungwa, ili sista wa hospitali ya kule nyumbani asikisie. Vidonge vikae kwenye boksi lake na mkobani mwako, si kwenye begi la juu ya gari. Na anayetumia lithiamu apimwe wiki ya kwanza ya Januari, hata kama tarehe yake ni Machi, kwa sababu wiki tatu za jua la Pwani, jasho, maji machache barabarani na Brufen mbili za mgongo baada ya safari zinatosha kuisogeza namba.